Kumi ya Kwanza ya Safu F

"Gunia la viazi! Hivyo ndivyo unavyotua, bwana. Gunia la viazi lililotupwa kutoka ghorofani!"

"Na wewe unasikiliza nini kwenye ukuta wangu?"

"Wako? Ukuta ni wetu sote wawili, na upande wangu umetundikwa picha ya marehemu mume wangu. Tangu Jumatatu imeanguka mara mbili. Mara mbili! Mwenyewe alipokuwa hai hakuanguka hivyo, na alikuwa anakunywa."

Saa nne asubuhi, mtaa mzima wa nyumba za matofali mekundu uko mlangoni. Jirani wa ng'ambo alikuwa anafuta dirisha. Sasa anafuta mahali palepale, kitambaa kimeshakauka, masikio yamesimama. Denise Stathers kasimama kizingitini pake na ndala za manyoya, vibiringisho vya nywele kichwani, mikono kiunoni. Mlango wa pili, hatua mbili tu kutoka kwake, kasimama mtu aliyehamia wiki tatu zilizopita: Royston Garton, mrefu, upara unang'aa kwa jasho, taulo shingoni, na chini, Mungu amsamehe, suruali nyeusi ya kubana.

"Hebu niambie," Denise akasema, macho yameikwepa suruali kisha yakairudia. "Unafanya nini humo ndani?"

"Naruka."

"Unaruka unakwenda wapi?"

"Juu."

Mfuta dirisha akacheka kwa sauti, akajifanya anakohoa.

"Basi ukishuka, shuka kama mtu," Denise akamwambia. "Vidole kwanza, halafu unyayo, kisigino mwisho, na magoti yapinde. Wewe unaanza na kisigino, kama mtu anaua mende."

Royston akashusha taulo. Hasira ilimtoka usoni, ikaingia hali nyingine. "Umejuaje kama ni kisigino? Kuna tofali mbili katikati."

"Nina masikio," Denise akasema, akafunga mlango kwa kishindo. Picha ya marehemu ikaanguka mara ya tatu.

Jioni ya siku hiyohiyo sinema ya katikati ya mji ilijaa mpaka mlangoni. Hull ni mji wa bandari kule Uingereza, watu wake wamezoea baridi na samaki, lakini mara sita au saba kwa mwaka London inarusha baleti, ile dansi ya ncha za vidole, mubashara kwenye sinema, na hapo utawaona kina mama wametoa makoti yao mazuri kabatini. Denise alivaa lile lake la kijani kibichi, midomo myekundu, hereni za lulu za bandia zinazopendeza kuliko za kweli. Kwapani kabana daftari la shule lenye jalada la bluu.

Daftari hilo lilikuwa na historia. Miaka kumi na moja Denise alikuwa anakaa safu F pamoja na wenzake saba, na kila mchezaji aliyepita kwenye kile kioo kikubwa alipewa alama juu ya kumi. Mikono, shingo, mzunguko, kutua. Wenzake walisema yao, lakini aliyeandika ni Denise, na alichoandika ndicho kilichokuwa. Kumi hajawahi kutoa. "Kumi ni ya malaika," alikuwa anasema, "na malaika hawatokwi jasho."

Kwenye foleni ya aiskrimu mtu akasema nyuma yake, "Samahani, bibie. Gunia la viazi linapitia upande gani?"

Akageuka. Shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, viatu vinang'aa, harufu ya sabuni. Alikuwa yeye. Mkononi ana tiketi ya F7. Denise alikuwa na F6.

"Hicho ni kiti cha Jean!"

"Jean ndiye nani?"

"Amehamia Uhispania."

"Basi hatakihitaji leo," Royston akasema, akamnunulia aiskrimu ya vanila bila kumuuliza.

Miaka thelathini Royston aliendesha kreni bandarini. Alipostaafu mabinti zake walimtaka acheze gofu. Yeye akaenda kwenye ukumbi wa kanisa ambako Alhamisi asubuhi kuna darasa la baleti la watu wazima: akina mama kumi na mmoja na yeye. "Nimeshusha makontena maisha yangu yote," alimwambia Denise taa zilipozimwa. "Nikataka kujua kama na mimi naweza kushuka bila kelele."

"Bado hujaweza."

"Najua. Nina jirani ananiambia."

Denise alicheka kwa sauti hadi Hilary Cawood, rafiki yake wa miaka ishirini na redio ya mji mzima, akainama kutoka F3 kuangalia kuna nini.

Tangu siku hiyo baridi ya mwaka huo ilipita haraka. Asubuhi Royston akiruka, Denise anagonga ukuta kwa mwiko: mara moja, kisigino; mara mbili, afadhali. Jioni simu inalia.

"Kwa nini unanipigia simu, Roy? Nakusikia ukutani."

"Ukutani nasikia sauti tu. Kwenye simu nakusikia unavyopumua."

"Mzee huna haya."

"Haya nilivua siku niliyovaa suruali ile. Jumatano unavaa koti la kijani?"

"Nikivaa?"

"Nitashindwa kuangalia kioo."

Sasa, lazima nikueleze kitu kuhusu Hull. Mji ule kila mtu anakuita mpenzi. Dereva wa basi, "Panda, mpenzi." Muuza samaki, "Chumvi na siki, mpenzi?" Hata fundi wa bomba aliyekuja kukuvunjia sinki anakuita mpenzi. Neno limechakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi. Kwa hiyo Royston hakumwita Denise mpenzi hata siku moja. Alimwita Denise, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha chai kilichojaa. Na Denise, mwanamke aliyekaa ndoa miaka ishirini na sita akiitwa "wee", alikuwa akisikia jina lake anashika kitu kilicho karibu.

Mtaa ulisema, lazima useme. Hilary ndiye alianza. "Shoga yangu, mwanamume wa miaka sitini na mbili! Suruali ya kubana! Na wewe na hiyo hamsini na tisa yako, watu watakuonaje?"

"Watakaa dirishani wanione vizuri," Denise akamjibu. "Mapazia nimeyafua makusudi."

Ndivyo alivyokuwa na watu. Lakini na nafsi yake alikuwa na udhaifu mmoja, nao ulikuwa wa macho. Mwezi wa pili Royston alimwambia, "Una macho ya kijani, Denise. Hiyo miwani inayakalia kama pazia la msiba." Alisema kwa mzaha, akasahau. Denise hakusahau. Siku ya onyesho la Machi akavaa koti, akapaka midomo, akachana nywele, kisha akaiacha miwani ya kuonea mbali juu ya meza ya jikoni.

Siku hiyo mambo yalianza vibaya. Picha ikatoka, sauti haikutoka. Kule London mtangazaji mrembo anasimama mbele ya pazia, midomo inakwenda, mikono inakwenda, anaeleza jambo kwa uso wa huzuni kidogo, na hakuna neno hata moja. Safu F wakapiga kelele: "Sauti! Sauti!" Ilirudi muziki ulipoanza. Sinema hazigawi karatasi za majina ya wachezaji. Unajua kutoka kwenye tangazo, au unajua kwa macho.

Mchezaji mkuu aliyepangwa usiku huo alikuwa Ilaria Venn, kipenzi cha safu F: tisa, tisa na nusu, tisa. Akatoka msichana mwembamba, nywele nyeusi zimefungwa nyuma, gauni jeupe. Denise aliona weupe, aliona weusi, ukungu ukamjazia yaliyobaki.

"Ilaria leo amezidi," akanong'ona. Na kweli alizidi. Yule msichana aliruka, akakaa hewani kama anafikiria jambo, kisha akashuka.

Royston alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho. "Huyu siyo Ilaria."

"Nini?"

"Sikiliza. Ilaria kisigino cha kushoto kinagonga kidogo, *tap*, kila mara. Huyu hana mlio. Huyu ni yule mwingine, unayempa tano. Morwenna Pike."

Safu F yote ikamgeukia. Morwenna Pike! Miaka miwili Denise alikuwa anamkata alama yule binti: miguu mifupi, shingo ngumu, uso wa karani wa posta. Daftari lilisema tano, tano, sita, tano.

Taa za mapumziko zilipowaka wakawa wamesimama pale ukumbini, aiskrimu mikononi, watu wamewazunguka. Hilary alifurahi hadi mashavu yakawa mekundu. "Eti Denise hamjui Ilaria! Miaka kumi na moja!"

"Roy, umekosea, kubali tu," Denise akasema.

"Sijakosea."

"Unanifundisha mimi?"

"Denise, ulisikia kisigino changu kupitia tofali mbili. Leo masikio umeyaacha wapi?"

Hapo angeweza kusema: nimeacha miwani, kwa ajili yako. Maneno matano tu. Lakini watu wanamtazama, na Hilary ameweka kichwa upande, na kusema angekuwa anakiri mambo mawili kwa mpigo, kwamba haoni na kwamba anapenda. Akatafuta ulimi wake, akaukuta mkali.

"Jamani, msikieni!" akasema kwa sauti ya jukwaani. "Mtu ananiangushia picha ukutani kila siku, anatua kama gunia la viazi, leo ni jaji! Mnataka kujua namba yangu kwake? Mbili. Mbili juu ya kumi, na moja ni ya suruali!"

Kicheko kilipasuka, kikaenda mpaka kwenye mashine ya bisi. Royston alisimama katikati yake na aiskrimu inamtiririkia vidoleni. Hakukasirika usoni. Alitoa leso, akafuta kidole kimoja kimoja, akachukua koti lake.

"Haya, mpenzi," akasema. "Usiku mwema."

Mpenzi. Kama dereva wa basi.

Sehemu ya pili Denise aliitazama peke yake pembeni ya kiti kitupu. Yule msichana kwenye kioo alicheza kama mtu asiye na deni na ardhi, na Denise, machozi yakiongeza ukungu juu ya ukungu, alifungua daftari akaandika jina la Ilaria Venn, na mbele yake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, kumi. Kisha pazia likashuka, maua yakatupwa, na safari hii sauti ilikuwepo. Mtangazaji akasema wazi: tumpigie makofi Morwenna Pike, aliyechukua nafasi ya Ilaria Venn aliyeumia mguu mchana.

Safu F wote wakageuka kulitazama daftari.

Hilary ndiye wa kwanza kupata pumzi. "Si kitu. Futa. Andika Morwenna, weka tano kama kawaida yake. Nani atajua?"

Denise alifunga daftari, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi ukuta ulikuwa kimya. Ijumaa kimya. Picha ya marehemu ilining'inia imenyooka kabisa, na Denise akaichukia kwa kunyooka. Jumamosi akapiga simu.

"Roy? Ni mimi."

"Nikusaidie nini, mpenzi?"

"Sikusikii ukiruka."

"Darasa nimeacha. Viatu vya baleti nimewapelekea wale wa duka la mitumba ya hisani. Mtu wa umri wangu, unajua tena. Ulikuwa sahihi."

"Sikuwa sahihi! Alikuwa Morwenna, walitangaza mwishoni..."

"Najua alikuwa Morwenna. Hilo siyo lililoniuma. Haya, mpenzi, kwa heri."

Denise alibaki na simu sikioni. Alikuwa amevunja kitu ambacho hakikuwa chake. Mtu alitaka kujifunza kushuka bila kelele, hakumdhuru yeyote, na yeye amemshusha kwa kelele za ukumbi mzima.

Jumapili saa nane mchana sinema ilionyesha marudio. Kabla ya kutoka aliweka nyama ya ng'ombe ovenini kwa moto mdogo. Akavaa koti la kijani. Akavaa miwani, ile kubwa, fremu nyeusi, akajitazama kwenye kioo cha korido. "Pazia la msiba," akasema. "Basi ndiyo hivyo. Nyuma yake mwenye nyumba anaona."

Safu F walikuwepo karibu wote. Hakuna aliyetaka kukosa kuona Denise atafanya nini. Sauti ilikuwa nzima, tangazo likasikika kila neno. Na Denise alitazama. Alimwona Morwenna Pike mara ya kwanza: miguu mifupi kweli, uso wa karani wa posta kweli, na akitua hakuna mlio, hakuna kabisa. Mara nne Denise alifumba macho kusikiliza na mara nne hakusikia chochote.

Taa za mapumziko zilipowaka, akasimama. Hakwenda kwenye aiskrimu. Alitembea mpaka mbele ya kioo, akageuka, daftari juu kama mwalimu mkuu.

"Jamani, tulieni kidogo! Jumatano hapo ukumbini nilimcheka mtu. Wengi wenu mlicheka na mimi, kwa hiyo na hili mtalisikia. Yeye alikuwa sahihi, mimi nilikosea. Nilikosea kwa sababu niliacha miwani nyumbani, na niliiacha kwa sababu nilitaka mtu huyo anione mzuri. Nina miaka hamsini na tisa. Ndiyo. Chekeni."

Hakucheka mtu. Mama mmoja nyuma akapiga makofi mawili, akaona aibu, akaacha.

"Kwa miaka miwili nilimpa binti huyu tano kwa sababu sikupenda uso wake. Na nilipotoa kumi, nilimpa yeye bila kujua. Kumi yake inabaki. Imeandikwa kwa wino."

"Denise, kaa chini!" Hilary akamfokea kutoka F3. "Unajidhalilisha, shoga! Kwa sababu ya mzee wa suruali ya kubana!"

"Hiyo suruali, Hilary, inataka ujasiri kuliko yote uliyowahi kuvaa wewe, pamoja na ile kofia ya harusi ya dada yako." Hapo ndipo ukumbi ulipocheka. "Kuanzia leo mimi siyo wa safu F. Safu G ina viti viwili vitupu. Atakayemcheka Royston Garton na aje kunicheka mimi kwanza. Anwani yangu mnaijua, na mapazia ni masafi."

Akatoka na daftari lake, hakungoja sehemu ya pili.

Saa kumi alikuwa jikoni. Nyama imelainika, harufu imejaa nyumba. Akakoroga unga, mayai na maziwa, akamimina kwenye kibati chenye mafuta ya moto, pudingi za Yorkshire kumi na mbili, vimikate vya mkoa wao vinavyoumuka, akafunga mlango wa oveni kwa uangalifu. Kila mtu wa kwao anajua: pudingi zikipanda ovenini usifungue, usigongegonge, zitaanguka.

Kisha akaenda sebuleni. Akasukuma kochi. Akavua ndala. Akashusha picha ya marehemu, akaiegemeza kochini ikiangalia ukuta. "Hili usitazame," akaiambia.

Akaruka.

Hakuwa ameruka tangu shule. Dari lilitikisika, glasi zikalia kabatini, magoti yakasema maneno ya kwao. Akaruka tena. Tena. Kisigino, kisigino, kisigino, kama mtu anaua mende wote wa Yorkshire.

Ilikuwa mara ya saba mlango ulipogongwa kwa ngumi.

Alifungua akihema, nywele zimemwangukia, miwani imekaa upande. Royston alikuwa kizingitini na sweta la kukaa nyumbani, mkono mmoja ameshika kioo cha kunyolea kilichopasuka. Ng'ambo ya barabara, kitambaa kilikuwa kimeanza kufuta dirisha.

"Bibie, unafanya nini humo ndani?"

"Naruka."

"Unaruka unakwenda wapi?"

"Kwako. Kuna ukuta, nashindwa." Akavuta pumzi. "Nipe alama, Roy. Hapa mlangoni, mtaa wote usikie."

Alimtazama. Aliitazama ile miwani, kwa muda mrefu, na macho nyuma yake.

"Kisigino ulianza nacho," akasema.

"Najua."

"Magoti hayakupinda."

"Yamepinda sasa, hayanyooki."

"Moja," Royston akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Moja juu ya kumi."

"Moja tu? Mimi nilikupa mbili!"

"Wewe hujavaa suruali."

Kicheko kilimtoka Denise kikamshika mbavu, akaegemea mlango, na katikati ya kicheko machozi nayo yakapata njia. "Ile namba nilisema kwa sababu ya watu," akasema. "Nimeirudisha mbele ya watu, leo, pale pale. Hilary atakueleza kabla ya saa kumi na mbili."

"Ameshapiga simu," Royston akasema. "Mara tatu. Mara ya tatu alikuwa analia kuhusu kofia." Akaweka kile kioo kilichopasuka chini ukingoni mwa dirisha. "Na viatu nimekwenda kuvichukua tena. Yule mama wa duka alinigomea mwanzo, akasema vimeshapangwa dirishani."

Nyuma ya Denise kengele ya oveni ikalia. Akageuka, akakumbuka, akapiga kelele, akakimbilia jikoni. Na Royston, aliyebaki kizingitini kama mtu mwenye adabu zake, akasikia mlango wa oveni ukifunguliwa, kisha kimya.

"Zimeanguka?" akauliza.

"Zote kumi na mbili! Bapa kama soli! Ni kule kuruka!"

"Zimetua na kisigino."

Alirudi mlangoni, kibati mkononi kwenye kitambaa, mvuke unampanda usoni, miwani imeingia ukungu mpaka haoni kitu. Hakuivua. Mfuta dirisha sasa alikuwa amefungua dirisha kabisa.

"Denise," Royston akasema, taratibu, kama anaweka kikombe kilichojaa.

"Futa miguu," akamwambia. "Nyama iko mezani. Ingia ule."